Mtoto Aliyenyamaza Tumboni

Mume wangu alikuwa dereva wa polisi, mtu wa kaskazini, na mimi nilitoka Mbale. Hakuna aliyejua lugha ya mwenzake, kwa hiyo nyumbani tuliongea Kiswahili kile cha kambi za polisi, cha kukatakata. Nilipopata mimba alianza kuongea na tumbo langu kila asubuhi akifunga kamba za viatu. "Wewe, leo usisumbue mama," alikuwa akisema, kisha anaondoka.

Asubuhi waliyomchukua alisema vivyo hivyo. Adhuhuri mwenzake wa kazini alikuja, akasimama mlangoni bila kuvua kofia, akanieleza kwamba watu waliovaa kiraia walimwita nje ya gereji wakamwingiza kwenye gari lao. Siku zile, tangu serikali ya wanajeshi ishike nchi, watu wa kwao walikuwa wakichukuliwa, wa jeshini kwanza, halafu wa polisi, na sikuwahi kusikia hata mmoja aliyerudi.

Hata hivyo nilikwenda kuuliza. Kwenye lango la kambi moja ya jeshi nilimkuta mlinzi, mtu mzima mwenye mvi kidogo. Alilitazama tumbo langu kwanza.

"Unatafuta nani, mama?"

Nikamtajia mume wangu. Akageukia barabarani kana kwamba kuna gari linakuja.

"Rudi nyumbani," akasema kwa sauti ya chini. "Leo wewe ndiye unauliza. Ukija tena, wao ndio watakuuliza."

Nikarudi. Lakini nyumba yenyewe ilikuwa ya kazi, na aliyepewa kazi ya mume wangu alikuwa anaihitaji. Yeye na mkewe walifika na vitu vyao mimi bado nafungasha vyangu. Mkewe naye alikuwa mjamzito. Alinisaidia kukunja godoro, tukalikunja pamoja matumbo yetu yakigusana, na muda wote ule hakuinua macho kunitazama.

Aliyenipokea ni mwanamke mmoja Mkongo wa mtaa wa Bukoto, fundi cherehani aliyekuwa akinishonea nguo. Alikimbia vita vya kwao akiwa na mtoto mgongoni, na mtoto yule alimzika njiani. Chumba chake kilikuwa kimoja. Alisogeza cherehani ukutani, akatandika mkeka, akasema, "Huyu mwana iko wa kwetu sasa. Wakiuliza, baba yake ni kaka yangu. Umesikia, dada?"

Nikamwambia nimesikia.

Kuanzia hapo ombi langu lilikuwa moja, mtoto naye asije akachukuliwa. Niliomba mtoto awe wa kike, kwa sababu wanaume ndio waliokuwa wakiondoka na magari yale. Niliomba awe mfupi kama mimi, asichukue urefu wa baba yake wala weusi wake wala ule mwanya wa meno ya mbele. Siku moja, nikiwa nachambua maharage, nikatambua kwamba nilikuwa namwomba Mungu afute kila kitu nilichompendea mume wangu. Niliacha maharage nikalala chini. Chakula kilinishinda siku ile na siku zilizofuata.

Halafu mtoto akanyamaza. Alikuwa na desturi ya kupiga mateke kila nikinywa chai, hata hiyo isiyo na sukari. Nilikunywa chai, akatulia. Nikalalia ubavu, nikajisukuma kwa vidole, akatulia tu. Mkongo aliweka sikio lake tumboni kwangu, akakaa hivyo muda mrefu, kisha akainuka akajifunga kitenge. "Twende hospitali, Nsambya," akasema.

Tulikwenda kwa miguu, kwa sababu basi halikuonekana. Kabla ya kufika mjini tulikuta kizuizi cha barabarani. Askari mmoja aliniashiria nisogee pembeni.

"Hiyo mimba ya nani?"

Jina la mume wangu lilikuwa pale pale kwenye ulimi.

"Ya kaka yangu, afande," Mkongo akajibu upesi. "Alirudi kwetu Bukavu. Wanaume unawajua, wanapanda, wanaenda."

Askari wakacheka, tukapita. Nilitembea nikilia, naye akanishika mkono akanikataza kugeuka nyuma.

Hospitalini, mkunga alinilaza, akaweka kile kipembe chao cha mbao cha kusikilizia mtoto juu ya tumbo, akainamisha sikio. Akakisogeza. Akakisogeza tena. Nilimtazama usoni nikiwaza kwamba kama mtoto amekufa, basi angalau hakuna atakayemchukua tena, na wazo hilo lilinitisha kuliko askari wale.

"Yupo," mkunga akasema. "Moyo unapiga, lakini amechoka. Lini ulikula, mama?"

Sikukumbuka. Walinilaza wodini, wakaninywesha uji kwa kijiko kama mtoto. Yule mwanangu alianza kucheza tena, kidogo kidogo, na sikuondoka pale mpaka nikajifungua.

Akaja wa kiume. Alikuwa mrefu hata akiwa amekunjwa, mweusi, na uso wote wa baba yake. Mkongo alimpokea, akamwangalia, akaniangalia mimi. Alimfunika kichwa kwa kitenge na tukamtoa hospitalini hivyo.

Tulimpa jina la Kikongo, jina la mtoto yule aliyezikwa njiani. Aliliitikia, akakua nalo, akacheza nalo na watoto wa Bukoto, na kila gari lililopunguza mwendo mbele ya nyumba lilinifanya nimwite ndani.

Serikali ile ilipoanguka watu walijaa barabarani wakiimba. Mwanangu alikuwa ameshaanza shule. Nilimkalisha kitandani, nikamwambia jina la baba yake na jina la ukoo wao. Alijaribu kuyatamka mara kadhaa mpaka yakatoka vizuri.

"Sasa baba iko wapi?" akauliza.

"Sijui," nikamjibu.

Akangoja niendelee, nami nikamtamkia majina yale tena, naye akayarudia.