Ketura Alipokataa Mume Aliyeonyeshwa

Sisi walokole wa Kigezi, huku Uganda, hatuposi kama watu wengine. Mwanamume akitaka mke huwaambia ndugu wa ushirika, ndugu huomba, kisha huja na neno kwamba Mungu ameonyesha au hajaonyesha. Nimeokoka tangu ujana, na nasema bila haya: mara nyingi huonyeshwa kinachowafaa wao.

Ketura Tibesigwa, fundi wa kushona, alikuwa na miaka thelathini na tisa wakati Ndugu Ezira, kiongozi wetu, alipomletea neno kwamba yeye ni mke wa Eriya. Eriya alifiwa na mkewe akaachiwa watoto sita. Alitaka mpishi, na hilo hata mbuzi wake walilijua.

Ketura hakuwa jeuri. Alifunga na kuomba wiki tatu, maana aliogopa kweli kumkataa Mungu. Kisha akamjibu Ezira, "Ndugu, Mungu kwangu anapajua. La Eriya hajaniambia."

Ikawa vita. Tukatangaza kwamba amepoa kiroho. Hatukumtembelea tena, nguo zetu tukazipeleka kwa fundi mwingine, na baada ya maombi kibuyu cha uji wa mtama, kilichopita mkono kwa mkono, kilimruka. Nami kilipofika kwangu nilimruka; sijifanyi malaika.

Mwaka ulipita hivyo. Jumapili moja akasimama katikati ya ushirika aungame. Kwetu anayeungama hupokewa kwa wimbo wa sifa, na Ezira, kwa kiherehere cha ushindi, akauanzisha kabla dada wa watu hajasema neno. Tukaimba na makofi juu, Eriya akifuta machozi. Ketura akangoja beti zote ziishe.

"Ndugu Ezira," akasema, "nakuchukia. Nikisikia sauti yako moyo unanichafuka. Chuki hiyo nimeitubu kwa Bwana, na wewe nakuomba unisamehe. Kumkataa Eriya situbu. Hapo nilitii."

Tukamgeukia Ezira, tukijua atamkemea.

"Mimi pia nakuchukia, dada," akasema. "Tangu uliponikatalia. Na sikuonyeshwa kitu. Niliona watoto wana njaa, nikasema ni Mungu."

Kwa desturi hapo tulipaswa kuimba tena. Hakuna aliyeanzisha. Nusu ya watu mle ndani tulikuwa tumeoana kwa neno la Ezira. Nikageuka kumtazama mume wangu, nikamkuta ananitazama.