Upasuaji Usio na Kovu

Wageni walijaa sebuleni kwangu Kitengela kuja kuona kovu, na mimi kovu sikuwa nalo. Uvimbe wangu ulikuwa mwisho kabisa wa utumbo, karibu na njia ya haja kubwa. Kwa bahati ulikuwa bado mdogo, na daktari aliutoa kwa kupitia njia hiyo hiyo, akitumia kamera na vyombo vyembamba. Tumbo hakuligusa. Lakini kwa aibu nilikuwa nimeutangazia ukoo mzima kwamba napasuliwa tumbo.

Kwetu aliyepasuliwa huchinjiwa mbuzi, akanywa supu ya mizizi, kisha akaonyesha alama. Supu niliinywa bila haya, vikombe vitatu. Ndipo baba mdogo, aliyemleta mbuzi kutoka Isinya, akaweka rungu lake chini.

"Sasa fungua shati tuone."

Nikafungua. Kitambi kikatokeza, kizima, hakina hata mkwaruzo.

"Hawa watu walikulaza tu," akasema. "Hiyo kitu bado iko ndani."

Mama mkwe akaanza kumwomba Mungu nirudishwe hospitali nipasuliwe vizuri.

Huyo baba mdogo, mbuzi akichinjwa, anajua kila kiungo mpaka mwisho wa utumbo. Atakitaja, atakipindua, atakiosha na kuamua nani akile. Kiungo hicho hicho kikiwa cha binadamu, ghafla sote ni malaika, hatuna kitu chini ya kitovu. Mimi mwenyewe nilitokwa na damu miezi saba nikisingizia pilipili.

Hasira ikanipanda. Mbele ya mama mkwe, jambo ambalo kwetu ni heri kufa kuliko kulifanya, nikasema, "Walipitia nyuma! Kwa njia ya choo! Nilikuwa natoa damu!"

Mama mkwe akaacha sala bila amina. Wageni wakakumbuka kwamba ng'ombe wao wana kiu, na nyumba ikabaki tupu.

Baba mdogo tu ndiye aliyesimama langoni. Nikamfuata nikidhani ataniapiza.

"Kijana yangu," akasema polepole, macho yake barabarani, "hiyo damu, ilikuwa na uchungu?"

"Hapana, baba."

Akaligeuzageuza rungu mkononi.

"Hata yangu haina."

Niliogopa kuliko siku niliyoambiwa habari zangu mwenyewe. Kesho yake asubuhi tulikuwa kwenye foleni ya daktari. Mama mdogo alinipigia simu kuuliza kama kweli mume wake ana shida ya tumbo.