Kofia Yangu Kichwani kwa Mtani

Nilipoacha kazi ya polisi wakati wa Mwingereza, nilirudi nyumbani Ilongero nikiwa na buti mbili, blanketi la serikali na tabia ya kuamka alfajiri kutoa amri. Watoto walikuwa wameoa na kuolewa, kwa hiyo wa kupewa amri alibaki mke wangu. Alinivumilia msimu mmoja wa uwele. Siku nilipomwambia apange vyungu kwa urefu, mkubwa kulia, mdogo kushoto, aliniangalia akasema, "Afande, katafute kazi. Ukibaki hapa utawapanga kuku."

Alikuwa anatania, lakini ilinichoma. Mtu uliyezoea ukipita sokoni watu wanajirekebisha, sasa unapita na mbuzi wanakutazama tu. Nilijiona nimekwisha. Ndiyo maana niliposikia kwamba Bwana Nyama, mzungu wa idara ya wanyama huko Itigi, anatafuta askari wa kulinda pori la akiba, sikungoja kuambiwa mara ya pili. Nilipiga buti rangi nikaenda.

Bwana Nyama alinikagua kama anayenunua ng'ombe mzee. Alinipa kofia ya kaki yenye ukingo mpana na beji ya twiga, shati la kaki, kaptula na kirungu. Bunduki akasema ningoje. Alinipangia kukaa Mitundu na kuzungukia pori kutoka huko, akaniambia wazi kwamba ananijaribu tu: mvua zikianza kabla sijaleta hata mhalifu mmoja, nitarudisha kofia na kwenda zangu. Nilipiga saluti. Moyoni nilijisemea, kofia hii hairudi. Nikirudi Ilongero kichwa wazi, yule mwanamke atanipa kazi ya kuchunga kuku kweli.

Sasa mimi kazi niliyoijua ni ya mjini. Mjini polisi anatoka saa ileile, anapita njia ileile, na buti zinalia ili mwizi ajue serikali ipo. Nikafanya hivyohivyo porini. Baadaye niligundua kwamba watu wa Mitundu walikuwa wakinitumia kama saa. Mama mmoja aliniambia bila aibu kwamba akisikia buti zangu zinaingia kichakani anajua ni wakati wa kuinjika maharage. Wawindaji nao walikuwa wanajua hivyohivyo. Mimi nikiingia, wao wanatoka, na jioni tunasalimiana vizuri tu kilabuni. Siku zikaenda, mawingu yakaanza kujikusanya upande wa Rungwa, na mimi sijakamata hata sungura.

Mtu niliyemkamata, nilimkamata kwa sababu hakuweza kukimbia. Alikuwa juu ya mti, kwenye mzinga, mkono mmoja na kienge cha moshi, mwingine umezama kwenye asali mpaka kiwikoni. Mzee wa rika langu. Nikasimama chini, nikakaza sauti.

"Shuka kwa amri ya serikali."

Akachungulia. "Serikali ipande. Nyuki wapo wa kutosha, hatutagombania."

Lafudhi ile niliitambua palepale. Mnyiramba. Na hapo ndipo nilipokosea. Polisi mwenye akili angenyamaza. Lakini Mnyaturu hawezi kumwona Mnyiramba mtini akanyamaza. Ni watani wetu tangu enzi za babu zetu. Nikamwambia, "Kumbe nyani wa Iramba wamehamia huku? Mlenda umewaishia?"

Alicheka mpaka akakaribia kuanguka. "Mnyaturu! Nani amekuvisha nguo? Shikilia asali hiyo, mtumwa wangu, nashuka."

Basi, ilikuwa imekwisha. Ukishafungua utani, umeufungua. Huwezi kuufunga katikati kwa sababu mtani wako amekuwa mhalifu. Ukikasirika, umeshindwa, na habari zitafika kwenu kabla yako. Nilimwambia ninampeleka kwa Bwana Nyama, maana kuchukua asali ndani ya pori la akiba kumekatazwa. Akasema mzinga ni wa baba yake, umetundikwa pale kabla huyo Bwana Nyama hajaota meno. Lakini twende, akasema, hajawahi kumwona mzungu kwa karibu. Hakuogopa hata kidogo. Aliyekuwa akiogopa ni mimi, na nilifurahi pia, maana mhalifu wangu nilikuwa nimempata.

Hatujafika mbali, akanyoosha mkono akanivua kofia, akaivaa. Msomaji ambaye kwao hakuna utani atashangaa kwa nini sikumpokonya. Kitu alichokuchukulia mtani hakipokonywi. Kinakombolewa: unampa kitu, anakurudishia. Nikamuuliza anataka nini. Akasema bado anafikiri, kichwa chake kimepata baridi ghafla, labda fikra zitakuja.

Kuhusu asali, alikataa kuibeba. "Mimi ni mateka. Huu ni ushahidi wa serikali, ibebe serikali." Nikajitwisha begani lile lindo, chombo cha gome la mti alichojazia masega. Likaanza kuvuja. Mimi mtu wa usafi, nguo ya kazi kwangu ni kama msahafu, nikaona shati litaharibika na Bwana Nyama ataniona mchafu siku ya ushindi wangu. Nikalivua, nikampa mtani alishike. Akalishika kidogo, kisha akasema mkono umechoka lakini mabega yake hayana kazi. Akalivaa.

Tukaingia kambini Itigi hivyo. Yeye mbele, kaki na twiga, anatembea kama aliyezaliwa askari. Mimi nyuma na fulana yenye matundu, ninanata asali, nzi wananisindikiza.

Kumbe Bwana Nyama aliyeniajiri alikuwa amekwenda likizo kwao, na aliyeketi kitini ni mwingine, kijana mwekundu ambaye hajawahi kuniona. Akamtazama mtani juu mpaka chini, akaridhika. Akauliza kama yeye ndiye askari mpya wa Mitundu.

Mtani alipiga saluti. Ilikuwa saluti mbaya sana, kama mtu anayefukuza nyuki, lakini aliipiga. "Ndiyo, Bwana. Nimemkamata Mnyaturu huyu na asali."

Fikiria na wewe. Nikisema askari ni mimi, atauliza: kwa nini basi mhalifu wako amevaa kofia yako? Nitamweleza nini kijana wa Ulaya kuhusu Wanyaturu na Wanyiramba? Kazi ingekwisha palepale, na mtani angelala ndani. Laiti yule kijana angetazama miguu yetu, angeona nani amevaa buti na nani yuko pekupeku. Hakutazama.

"Asali ni yako?" akaniuliza.

"Yangu, Bwana."

Akachovya kidole, akalamba, akaamuru masega yabaki ofisini. Kisha akamwambia mtani kwamba amefanya kazi nzuri, kwamba kutoka Mitundu walikuwa hawajaletewa mtu, na kwamba kuanzia siku ile hajaribiwi tena, ni askari kamili. Jina kwenye daftari la askari lilikuwa langu, kwa hiyo nilikuwa nimepata kazi. Nilikuwa nimeipata kwa kujikamata mwenyewe, lakini nilikuwa nimeipata.

Ndipo akanigeukia mimi. Akatazama mvi zangu, akatazama magoti yangu. Hakuwa na ukali wowote, na hilo ndilo lililokuwa baya. Akamwambia mtani, "Huyu simfungi. Mtu wa umri huu hana kazi porini. Mwambie arudi kwao akakae na mke wake, aote jua."

Tulitoka. Tukavuka reli. Mtani aliyekuwa amenitukana njia nzima sasa alitazama chini, akatembea. Tulipofika kwenye njia ya Mitundu alivua shati, akalikunja vizuri. Akavua kofia, akaifuta kwa kiganja, akanipa.

"Chukua, mwenzangu," akasema.

Hakudai kitu. Hata punje ya mtama hakudai. Njia nzima niliitwa mtumwa, sikusikia maumivu. Lakini mtani akikurudishia kitu chako bure, ujue amekuonea huruma, na mimi niliumia pale kuliko kwa maneno ya yule kijana.

Nikamrudishia kofia. "Mtani, sichukui cha bure. Taja."

Uso wake ukafunguka. "Jogoo."

"Jogoo kwa kofia ya serikali? Mnyiramba hata kudai hujui. Nitakupa wawili."

"Wa pili wa nini?"

"Wa mdomo wako. Alichosema yule kijana kisifike Ilongero kwa mke wangu."

Akaapa kwa baba yake na mzinga wa baba yake. Alikula majogoo wote wawili, na baada ya mavuno akaenda Ilongero kwa miguu yake kumweleza mke wangu kila kitu, pamoja na ile saluti.

Hayo niliyajua nilipofika nyumbani, baada ya Bwana Nyama aliyeniajiri kurudi na kunipa likizo. Nilikuta kigoda nje ya tembe, upande linakopiga jua la asubuhi, na kando yake kigoda kingine. Mke wangu alikuwa amekaa kwenye kimoja, anachambua mlenda, wala hakuinua macho.

"Shikamoo, Afande kamili," akasema. "Jua hilo, na mke huyu hapa. Kaa uote."

Nilikaa. Jua lilikuwa zuri, siwezi kusema uongo. Aliniegemea begani tukakaa hivyo mpaka mlenda ukaisha kuchambuliwa, na hakunicheka. Kisha likizo ilipokwisha alinifutia vumbi kwenye beji ya twiga, akanivalisha kofia yeye mwenyewe, nikarudi Mitundu kazini.