Gari Lililovuliwa Stara

Nyumbani kwao wanamwita Mkasi. Jina hilo alipewa na shangazi yake akiwa bado msichana, kwa sababu neno refu la mtu mwingine yeye hulikata katikati na kubakiza ukweli wake tu. Wapo wanaodhani ni jina la dharau. Mwenyewe huliitikia kama jina lolote jingine.

Mkasi anaishi nje ya nchi, na kazi yake ni kufua na kupiga pasi mashuka ya hospitali kubwa. Si muuguzi. Nasema mapema kwa sababu mtaa mzima wa mama yake unaamini kwamba ni muuguzi, na kila anapokuja likizo hulazimika kuwasahihisha upya. "Nafanya kazi hospitali, lakini wagonjwa siwagusi. Nagusa walichokilalia." Watu hucheka, kisha kesho yake mtu humletea mtoto mwenye homa.

Asubuhi huendesha gari la hospitali la kupelekea mashuka safi kwenye zahanati ndogo za pembezoni mwa mji. Mchana husimama mbele ya mashine ya pasi yenye upana wa kitanda. Chumba anachoishi kina dirisha moja linalotazama ukuta wa jirani. Gari lake mwenyewe hana, wala hajawahi kudai kwamba analo.

Likizo zilizopita alitegemea magari ya jamaa. Aliyewahi kuomba lifti ya ndugu anayajua masharti yake: utapita kwanza kwa shemeji wa mwenye gari, utabeba gunia lake magotini, utangoja amalize maongezi, na mwisho utasikia mtaani kwamba unatembezwa kama mgeni wa serikali. Safari hii akaamua kukodi, tena akapanga kila kitu akiwa hukohuko. Alimpigia simu bwana mmoja mwenye magari ya kukodisha, ambaye yadi yake iko nyuma ya duka la matairi, akamtaka ampigie picha matairi yote pamoja na la akiba. Akataka kuona jeki. Akataka injini iwashwe na simu isogezwe karibu, aisikie.

"Dada, unakodi au unaposa?" mwenye magari alimuuliza.

"Nakodi. Ningekuwa naposa ningeulizia na ukoo wake."

Posa kwa kweli ilikuwepo, na ndiyo iliyomleta. Mdogo wake wa kiume, kinyozi, alikuwa amepata mchumba katika mji wa jirani, mwalimu wa shule ya chekechea, binti wa fundi bomba. Baba yao alikwisha kufariki, kwa hiyo Mkasi, kama dada mkubwa, ndiye angekwenda kuomba kwa niaba ya familia. Mama yao magoti yanamsumbua na shangazi hapandi basi. Gari lilihitajika kwa safari hiyo.

Alipofika yadi kulichukua, alilizunguka gari mara moja, akasimama mbele ya mlango wa dereva. Kwenye picha milango ile ilikuwa na maandishi mekundu, "Gari la kukodi", na namba ya simu chini yake. Sasa ilikuwa myeupe pee.

"Maandishi yameenda wapi?"

Mwenye magari akatabasamu kama mtu aliyekuwa akilisubiri swali hilo. "Nimeliweka stara." Akapitisha kidole kwenye ukingo wa karatasi laini ya plastiki yenye gundi, rangi ileile ya gari, iliyobandikwa kwa ufundi hata jicho lisiione. "Nyinyi watu wa nje wote nawawekea. Mkirudi nyumbani hampendi ijulikane kwamba mnakodi. Nabandika, mnatamba, mkilirudisha nabandua. Hakuna aliyeumia."

"Mimi sikuomba stara."

"Kaomba mdogo wako. Alipiga simu juzi, akasema ukweni wasije wakasoma mlangoni. Tena akaulizia bei ya kubaki nalo wewe ukishaondoka, maana huko kawaambia gari ni la dada yake na anaachiwa yeye afanyie biashara." Akamtazama usoni, akapunguza sauti. "Nilidhani mmepanga pamoja."

Mkasi aliingiza ukucha chini ya ukingo wa karatasi, akaivuta polepole, kama mtu anayebandua plasta kwenye kidonda. Kisha akazunguka upande wa pili.

"Dada, karatasi hiyo haibandikiki mara mbili."

"Ndiyo maana naitoa," alisema, akampa ile karatasi ikiwa imejikunja kama ganda la ndizi.

Nimewahi kuwasikia watu wazima, wenye vyeti na familia, wakisema kwamba uongo wa namna hii ni mapambo tu, kama mtu anayeazima koti kwa ajili ya harusi. Sikubaliani nao. Anayeazima koti hamwambii mtu kwamba mwanawe atavikwa koti hilo maisha yote. Baba aliyeambiwa kwamba mkwe ana gari la biashara atampima binti yake kwa gari hilo, na siku atakapogundua kwamba halipo, atakayeulizwa ni binti.

Kutoka yadi hadi nyumbani Mkasi alipata shida moja. Huko anakoishi wanaendesha upande mwingine wa barabara, na kijiti cha indiketa kiko mkono mwingine. Kila alipotaka kukata kona, waipa zilianza kupangusa kioo kikavu. Shangazi, aliyekuwa amesimama mlangoni, alilishuhudia gari likiingia uani namna hiyo.

"Mvua inanyesha humo ndani peke yako?"

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Zima kwanza hayo mabawa."

Kinyozi alitoka mbio, akapiga kofi la furaha kwenye boneti, kisha macho yake yakafika mlangoni. Mkono ukabaki palepale ulipokuwa.

Waliongelea sebuleni, wote wanne. Sebule ile ni ndogo, makochi yamegusana magoti, na mtu akikasirika hana pa kwenda ila kutazama pazia. Kinyozi alitazama pazia.

"Uliwaambia nini?" Mkasi aliuliza.

"Nilisema tu kwamba utakuja na gari."

"Hilo ni kweli. Halafu?"

"Halafu mzee akauliza la nani. Nikasema la kwako. Akauliza ukiondoka litabaki na nani." Akakwaruza ukingo wa kochi. "Dada, yule mzee ana sura ya kukagua. Anakutazama kama bomba linalovuja. Maneno yalitoka yenyewe."

"Maneno hayana miguu. Mama, ulijua?"

Mama akasugua goti lake. "Nilisikia. Nikasema ni mambo ya vijana. Mwanangu anaoa, niwe wa kwanza kumvunjia?"

"Hapa hakuna la kuvunja," shangazi akaingilia. "Rudi kwa yule bwana, lirudishiwe karatasi yake, twende, tule, turudi. Wakishaoana nani atauliza gari?"

"Mke wake atauliza, shangazi. Siku ya kwanza tu akihitaji kupelekwa sokoni."

"Wewe Mkasi tangu zamani huna huruma."

"Huruma ninayo. Ndiyo maana sitawapigia simu wakwe zake." Akamgeukia mdogo wake. "Sikiliza. Kesho mimi nitaomba mke kwa ajili yako, na nitaomba vizuri. Uongo sitausema. Na ukweli wako pia sitakusemea. Wewe ndiye uliyelianzisha, basi wewe ndiye utakayelimaliza. Ukikaa kimya, tutaondoka pale na mimi sitarudi tena ukweni kwako."

"Wakininyima?"

"Watakuwa wamekunyima ukiwa wewe. Ukipewa kwa ajili ya gari, aliyepewa mke ni gari, si wewe."

Kinyozi hakula vizuri jioni ile. Mama alimwekea nyama mara mbili, naye akairudisha mara mbili.

Kesho yake walisafiri. Mkasi alikuwa ameshakizoea kijiti, akaendesha kwa utulivu wa mtu anayebeba mashuka yaliyokunjwa. Mama alikaa mbele kwa ajili ya magoti yake. Shangazi, nyuma, alitaka dirisha lifungwe kwa sababu ya kilemba chake, kisha lifunguliwe kwa sababu ya jasho, kisha akamlaumu kinyozi kwa kupumua sana.

Nyumba ya fundi bomba ilikuwa na ua wa saruji uliofagiliwa ukang'aa, na kwenye kona mabomba mapya yamepangwa kwa ukubwa wake. Mwenyewe alitoka kuwalaki, mtu mfupi mwenye mikono mipana, mkewe nyuma yake na binti kando ya mkewe. Akawasalimia wanawake mmoja mmoja kwa heshima. Kisha akalizunguka gari, jinsi mtu yeyote wa ufundi anavyozunguka kitu cha chuma, akasimama mbele ya mlango.

"Gari la kukodi," akasoma, bila kubadilisha sauti. Akamtazama Mkasi. "Mwanangu, namba hii ya simu ni yako?"

"Hapana, baba. Si yangu."

Mkasi alimtazama mdogo wake. Kinyozi alikuwa amefungua mdomo, lakini shangazi alimtangulia.

"Ni ya kampuni yake," shangazi alisema kwa uso mkavu. "Ana magari ya kukodisha, huyu. Hili ni moja tu. Namba ni ya mfanyakazi wake."

Ulikuwa uongo mzuri kuliko ule wa kwanza, na mlango wa kutokea ulikuwa wazi. Fundi bomba mwenyewe aliinua nyusi kwa heshima mpya. Mke wake akaanza kusema karibuni ndani. Kinyozi angeweza kuingia ndani pamoja nao, akakaa, akanywa soda, akapewa mke. Mkasi alikwishavuta pumzi ya kusema lake, na uongo ule asingeuacha upite.

Kinyozi akasema kabla yake. "Hapana, shangazi. Hana kampuni." Akamgeukia mzee. "Hana kampuni, baba. Anafua mashuka hospitalini huko. Gari limekodiwa kwa ajili ya kuja hapa, na kesho linarudi. Sitaachiwa gari wala biashara. Mimi ndiye niliyekudanganya. Yeye hakujua mpaka alipoenda kulichukua."

Shangazi akarekebisha kilemba ambacho hakikuwa kimekaa vibaya.

Aliyezungumza kwanza ni binti yake, na alizungumza kama anavyowauliza watoto wa darasani kwake, taratibu, akitaka jibu.

"Na ile saluni?"

"Chumba nimepanga. Kiti na mashine ni vyangu."

"Vioo?"

"Kimoja changu. Kile chenye ufa ni cha mwenye nyumba."

"Na ulichonieleza mimi, kuhusu mengine?"

"Wewe nilikuongopea hilo la gari tu. Lingine silikumbuki, na ukilikumbuka niulize hapa mbele yao."

Binti akafikiri. Wote walimngoja, hata baba yake. "Silikumbuki," alisema.

"Mama," fundi bomba akamwambia mama wa kinyozi, "ingieni ndani mpumzike. Chakula kipo, na mgeni haondoki na njaa kwangu." Kisha akamgeukia kijana. "Lakini posa siipokei leo. Leo nimepokea wageni. Nilishawaambia ndugu zangu kwamba mkwe wangu ana gari, sasa nina kazi ya kuzunguka nyumba kwa nyumba kuyafuta maneno yako. Jumapili ijayo uje mwenyewe kuyarudia mbele yao. Njoo kwa basi. Usije na gari, usije na dada." Akaangalia upande mwingine. "Wala shangazi."

"Mimi nimekosa nini?" shangazi aliuliza.

"Hujakosa kitu, mama. Una kipaji tu, nami nakiogopa."

Mama wa kinyozi akacheka bila kutaka, akaziba mdomo kwa ncha ya kitenge. Walikula. Shangazi alikula kuliko wote, ili kuonyesha kwamba hajaathirika. Mkasi alimweleza mama wa binti jinsi mashuka ya hospitali yanavyotolewa madoa, na yule mama akauliza maswali ya maana. Posa haikutajwa tena mezani. Hata hivyo fundi bomba alimsogezea kijana bakuli la mchuzi yeye mwenyewe, mara moja, bila kumtazama.

Jioni walipoondoka, Mkasi hakumpa mdogo wake pole wala hongera. Alimpa pochi yake amshikie, akaketi kwenye usukani. Wapo watakaoona ni ukavu. Mimi nadhani alimheshimu vya kutosha kumwachia lililokuwa lake.

Binti aliwasindikiza mpaka langoni. Alimuaga mama, akamuaga shangazi kwa magoti yote mawili, akamuaga Mkasi. Kisha akainama kwenye dirisha la nyuma, ambapo kinyozi alikuwa ameikumbatia pochi ya dada yake.

"Basi la asubuhi haliingii mpaka huku," alimwambia. "Linashusha kwenye kituo cha mafuta. Nitakuwa pale."

"Baba atakubali uje kunipokea?"

"Nitamwambia nakwenda kukupokea," alisema binti, akarudi ndani, na Mkasi akawasha injini.