Sindano Mbele ya Watu wa Umeme

Mtaani walimwita Sindano. Alikuwa fundi wa kushona, tena mwembamba hivi kwamba mumewe alikuwa akimtania eti jua likiwaka hana kivuli. Utani huo ulikuwa wa enzi ambazo mume alikuwa na pumzi za kutania. Miaka ya kuchonga mawe ilikuwa imemjaza vumbi kifuani, na sasa uhai wake ulining'inia kwenye mrija uliotoka puani hadi kwenye mashine ya oksijeni, iliyonguruma kando ya kitanda kutwa kucha.

Mashine ile ilikula umeme kama moto ulavyo nyasi kavu. Sindano aliuza jokofu, akang'oa balbu zote ila mbili, nguo za wateja akarudi kuzipiga pasi ya mkaa. Wakawa wanajikokota hivyohivyo.

Ndipo redio ikatangaza kwamba kampuni ya umeme imeomba kupandisha bei, na wananchi wanakaribishwa kutoa maoni. Mume alisikia.

Kesho yake Sindano alitoka kupeleka sare za shule alizoshona. Aliporudi, alisita mlangoni. Nyumba ilikuwa kimya. Alikimbilia chumbani akamkuta mumewe amekaa ukingoni mwa kitanda, midomo rangi ya majivu, vidole vimelikaba godoro. Mashine ilikuwa imezimwa. Aliiwasha, akamrudishia mrija, akamshika mgongo mpaka kifua kikaanza kupanda na kushuka.

"Umeme ulikatika?"

Mume akatikisa kichwa.

"Nani kaizima?"

"Mimi." Akavuta pumzi. "Najizoeza. Kidogo kidogo. Bei ikipanda, nisije nikawamaliza."

"Unajizoeza nini, mume wangu? Kufa?"



Tangu hapo, kila alipotoka, Sindano alimwomba wifi yake, dada wa mume, aje kukaa na mgonjwa. Wifi alikuja na mkeka wake na ulimi wake. "Kaka yangu nitamlinda," alisema, "lakini tutamlinda mpaka lini, wifi? Nenda kawaambie hao wanaopandisha."

Sindano kusema mbele za watu? Hata siku ya ndoa yake aliitikia kwa kichwa tu. Lakini kinyozi wa jirani, aliyekuwa akiwakusanya wanamtaa kwenda kupinga, alimtuliza. "Kelele tuachie sisi. Wewe sema tu ulichokikuta nyumbani."

Siku ya kutoa maoni, ukumbi ulifurika. Muuza barafu alisema atafunga biashara. Mwenye mashine ya kusaga alisema unga nao utapanda. Mtaalamu wa kampuni, kijana mpole mwenye macho ya kukosa usingizi, alieleza kwamba nguzo zimeoza na mitambo imechoka. Sindano alimwamini, na hilo likamzidishia hofu, maana na mwongo angeweza kubishana.

Zamu yake ilipofika, alikishika kipaza sauti kwa mikono miwili.

"Nyinyi wote umeme mnautumia," alisema. "Mume wangu anauvuta puani. Majuzi aliizima mashine mwenyewe, ili asitule. Nimemwacha na dada yake, amlinde asijiue kwa kutuonea huruma. Sasa naomba mniambie, nikirudi nimweleze nini?"

Mwenyekiti aliinamia meza, akasafisha koo. "Pole sana, mama. Maoni yako yamepokelewa."

"Sikuomba pole, baba. Nimeomba jibu."

Lakini kipaza sauti kilikuwa kimeshapokelewa na mtu wa nyuma yake.

Wiki chache baadaye bei ilipanda, pungufu kidogo ya ile iliyoombwa. Kinyozi alipita akisema hata hiyo ni nafuu, na kwamba wataandika rufaa. Sindano alitia saini, akamshukuru, kisha akakaa chini jikoni akalia huku kanga ameibana mdomoni, asisikike chumbani.

Siku iliyofuata aliuza cherehani yake ya umeme, akanunua kuukuu ya kukanyaga kwa miguu. Halafu akamwita fundi umeme, akamwambia ahamishe soketi ya mashine ya oksijeni, aipandishe juu kabisa nyuma ya kabati, na hata swichi ya kwenye mashine aifunike kwa kibati kilichokazwa kwa skrubu.

Mume alimtazama fundi mpaka akamaliza. "Unanilinda kama mwizi," akasema.

"Kwani wewe si mwizi? Ulitaka kuniibia mume."

Mume akageukia ukutani. Mabega yalimtikisika, naye Sindano hakujua kama ni kicheko au kilio, na hakuthubutu kuuliza. Alimfunika miguu, akaisogeza cherehani karibu na kitanda, akaanza kukanyaga. Magoti yalimuuma tangu mshono wa kwanza, na sare zilikuwa bado nyingi.