Kutafuta Tairi za 650 kwenye Njia ya Kabongo

Niliondoka Kamina kwa sababu ya ubishi. Dada yangu mkubwa, yaya Ngoie kama tunavyomwita kwetu, ni mkunga, na baiskeli yake ilikuwa imening'inia ukutani miezi minne. Tairi ya nyuma ilikuwa imekwisha kabisa, na ya kipimo cha 28 haikupatikana mjini. Tangu maduka yabadilishe wamiliki, bidhaa ziliadimika, na kila mwenye baiskeli alikuwa akitafuta tairi hiyo hiyo. Basi yaya alikwenda kuzalisha kwa miguu. Siku moja alifika kijiji cha mbali akakuta mtoto amekwisha kuzaliwa na mama yake amelala katika damu. Yule mama alipona, lakini kwa shida. Yaya alirudi nyumbani, akavua viatu, akavitupa chini ya baiskeli iliyoning'inia.

Mimi nilikuwa nimemaliza chuo kikuu Lubumbashi, nafundisha hesabu, na nilikuwa na wazo. Watu wote waliniambia 28 ndiyo ya kuchagua kwa sababu iko kila mahali. Niliwauliza: kama iko kila mahali, mbona dada yangu anatembea? Niliona kwamba kinachotafutwa na wote ndicho kinachokwisha kwanza. Kipimo kisichotafutwa na mtu lazima kiwe kimelala dukani mahali fulani, kinangoja.

Papa Banza, fundi wa nyuma ya soko, alikuwa na magurudumu mawili ya 650 yaliyotoka kwenye baiskeli ya mwalimu mgeni aliyerudi kwao. Ni madogo kidogo kuliko ya 28. Ukiyaweka sambamba, tofauti ni kama vidole viwili kila upande. Yalikuwa na tairi zake, pneu kama mafundi wanavyoziita, ingawa zimechakaa.

"Muprofesa," Papa Banza akaniambia, "pneu ikikufia mu pori, utalia na nani?"

"Papa, ulishajaribu?"

"Ujinga haiko kintu ya kujaribu."

Hata hivyo tulikubaliana. Angeyafunga magurudumu ya 650 kwenye baiskeli ya yaya, nami ningeyapima hadi Kabongo na kurudi. Yakifaa, yangekuwa yetu, na yeye angechukua ya 28. Yaya Ngoie alisikiliza mikono kiunoni, kisha akatoa sharti lake: "Urudie na pneu ya mupya, niione na macho yangu. Ukikosa, minyi nabaki na 28 yangu, na weye unyamaze."

Jumanne, saa kumi na mbili asubuhi, nilitoka mjini kwa njia ya kaskazini. Likizo ya shule ilikuwa imeanza. Baiskeli ilikuwa chini kidogo kuliko nilivyozoea, na kwenye mchanga ilikwenda vizuri kuliko nilivyotarajia. Nilikuwa na pampu kwenye fremu na daftari mfukoni. Kila baiskeli niliyokutana nayo niliitazama ubavuni mwa tairi na kuandika kipimo chake. Hadi adhuhuri nilikuwa na mistari mingi na namba moja tu: 28. Wengine walibeba mihogo, wengine mahindi, mmoja alibeba mbuzi aliyefungwa kama furushi, na mbuzi huyo alinitazama kwa dharau kubwa kuliko mwenye baiskeli.

Kwenye kizuizi cha kwanza askari alisoma kitambulisho changu polepole, kisha akainama kutazama magurudumu.

"Citoyen, velo yako ilikonda. Hauipatiake chakula?"

"Inakula kidogo, chef. Njo maana niliichagua."

Alicheka akafungua njia. Nililala kwa mwalimu mwenzangu aliyenipa bukari, ugali wa kwetu, na samaki mkavu wa Kinkondja, na nikamweleza wazo langu kwa urefu kiasi kwamba alisinzia.

Siku ya pili, kabla ya jua kuwa kali, nilifika kwenye daraja la mto Lovoi. Mbao zake zilishikwa na misumari mikubwa, na mmoja ulikuwa umechomoza. Nilisikia sauti kama ya kitambaa kinachochanwa. Tairi ya nyuma ilipasuka ubavuni, urefu wa kidole cha kati, na mpira wa ndani ukatokeza kama ulimi.

Nilisukuma baiskeli hadi kijiji kilichokuwa juu ya kilima. Katika nyumba ya kwanza mama mmoja, jina lake Kabedi, alikuwa anashona magunia ya mahindi. Hakuniuliza natoka wapi. Alitazama gurudumu, akainuka, akachukua tairi ya 28 iliyotundikwa kwenye kigingi kando ya mlango, akanitupia.

"Fungia ile. Ukifika kijiji ya mbele, utaiacha kwa mwenye duka. Muntu mwingine atairudisha."

"Mama, hii ni ya nani?"

"Ya njia."

Nilidhani ananitania. Alinieleza, bila kuacha kushona, kwamba tairi hiyo ilinunuliwa na wauzaji wa mahindi kwa pamoja. Anayepasukiwa huivaa hadi kijiji kinachofuata na kuiacha hapo. Anayekuja kutoka upande wa pili huirudisha. Imekuwa ikienda na kurudi hivyo misimu miwili ya mahindi.

"Na hakuna mwenye kuiiba?"

"Atapita nayo wapi? Barabara iko moya."

Nilitafuta kosa katika jibu hilo, sikuliona. Lakini kosa langu lilionekana mara moja: nilipoiweka tairi ya 28 juu ya gurudumu langu, ilining'inia kama suruali ya baba kiunoni mwa mtoto. Mama Kabedi aliacha sindano. Wanaume wawili waliokuwa wanapita na mizigo wakasimama kuona.

"Eeh! Na pump iko nayo, na daftari iko nayo," mmoja akasema. "Sasa aandike: leo sikufika."

"Weye, balikusomesha miaka ngapi?" Mama Kabedi akaniuliza.

"Kumi na saba, mama."

"Na hakuna siku moya balikuonyesha ya kufanana na bantu?"

Kisha, baada ya kunicheka vya kutosha, alinisaidia. Alikata kipande cha tairi kuukuu, akakiweka ndani kama kiraka, na kuushona ubavu uliopasuka kwa sindano ya magunia na kamba ya nailoni. Ilichukua muda mrefu kuliko ambavyo ingechukua kufunga tairi ya njia mara kumi. Alikataa malipo. Aliniomba tu nimpelekee salamu mwenye duka wa kijiji cha mbele, na nimwambie kwamba tairi ya njia bado iko kwa Mama Kabedi.

Siku ya tatu, saa tisa alasiri, niliingia Kabongo. Mgongo uliniuma na mshono ulikuwa unagonga ardhini kila mzunguko, tap, tap, tap, kama saa mbovu. Niliulizia duka la vitu vya baiskeli nikaelekezwa kwa Mzee Ramazani, mfanyabiashara ambaye wazee wake walitoka Maniema.

Duka lilikuwa la giza na safi. Tairi za 28 hazikuwepo hata moja. Lakini juu kabisa, chini ya mabati, zilining'inia tairi nne za 650, vumbi jekundu limezifunika. Nilizitazama, na kwa kweli moyo wangu ulipiga kwa furaha. Nilikuwa nimesema hivyo hivyo, na watu walinicheka.

"Mzee, zile zimekaa hapo muda gani?"

"Miaka, mwanangu. Padri mmoja aliziagiza, halafu akahamishwa. Hakuna mutu aliyeziuliza tena."

"Umeona? Nilisema: kisichotafutwa hakimaliziki!"

Alizishusha kwa fimbo ndefu, akazipangusa moja moja. Kisha akaniuliza kwa upole, "Na zikiisha hizi ine?"

"Utaleta nyingine."

"Kwa nani? Nitatuma pesa Lubumbashi kwa ajili ya mutu mumoja wa Kamina? Zilibaki kwa sababu hakuna aliyezitaka. Sasa umezitaka. Basi zimeanza kuisha."

Nilikuwa nimezihesabu tairi zilizokuwa juu ya ukuta wake kana kwamba ni chemchemi, kumbe ni maji yaliyobaki ndani ya kata. Nilinunua mbili, moja nikaifunga nyuma, na nikalala kwake bila hamu ya kula ingawa wali wake ulikuwa mzuri.

Njia ya kurudi ilikuwa rahisi kwa miguu na nzito kwa kichwa. Nilikuwa na tairi mpya ya kumwonyesha yaya, kama alivyotaka. Ningeweza kuinua mikono na kusema nimeshinda. Angekubali, magurudumu ya 28 yangekwenda kwa Papa Banza, na siku moja, kwenye kilima fulani, dada yangu angesimama na watu wote wakarimu wa barabara ile wasingeweza kumsaidia.

Jumatatu adhuhuri nilifika nyumbani. Papa Banza alikuwa amekwisha kuitwa. Nilimpa yaya Ngoie tairi mpya mkononi, kisha nikasema yote: ya msumari, ya Mama Kabedi, ya Mzee Ramazani.

"Kumbe!" Papa Banza akapiga kofi. "Nilisema!"

"Papa, ngoya," yaya akasema. Alikwenda ukutani, akashusha magurudumu yake mawili ya 28, akayalaza uani. La nyuma tairi yake ilikuwa matambara. La mbele lilikuwa na tairi nzima, meno yake bado yanaonekana.

"Ya nyuma nilibadilisha mara tatu," akasema. "Ya mbele, hata mara moja. Mizigo yangu yote iko nyuma. Weye, mutu wa hesabu, ulitazama hii?"

Sikuwa nimeitazama. Nilikuwa nimeuliza njia nzima tairi ziko wapi, na sikuuliza hata mara moja zinakwisha wapi.

Mbele ya macho yetu aliihamisha tairi nzima kwenye gurudumu la nyuma la 28. Mbele aliamuru lifungwe gurudumu la 650, likiwa na ile tairi mpya aliyotaka kuiona: nyuma ikipasuka, njia itamsaidia, na mbele haichakai upesi. Papa Banza alichukua gurudumu la mbele la 28 na kurudishiwa lake la nyuma la 650, likiwa tupu, kwa maana tairi mpya ya pili tuliitunza ya akiba.

"Na hii moya nitauzisha nani?" akalalamika, akiliinua lile la nyuma.

"Kwa mwenye kuwa na mbele tu, sawa minyi," yaya akamjibu.

Baiskeli ilisimama imeinamisha pua kama mtu anayetafuta sindano aliyoangusha. Majirani wote walikuja kuicheka. Nilitaka kueleza faida zake, yaya akanikataza.

Alhamisi, kabla ya kifungua kinywa, mtu alikuja kumwita kutoka kijiji kile kile cha mbali. Yaya alifunga mfuko wake nyuma, akapanda, akaondoka bila kuaga. Nilishinda siku nzima nikisahihisha madaftari ambayo hayakuwa na haraka. Alirudi saa kumi jioni, vumbi hadi kwenye nyusi, akaegemeza baiskeli ukutani na kuomba maji.

"Mama yake?" nikamwuliza.

"Iko anakula." Akanywa hadi mwisho, akapangusa mdomo. "Na mutoto mwanamuke. Leo minyi njo nilifika wa kwanza."