Fundo la Mama wa Mazingara

Jumatatu ya kwanza ya kila mwezi, mama wa kijiji cha Mazingara huingia kituo chetu cha polisi kabla sijamaliza kupiga deki, akikanyaga sakafu yangu kwa ncha za vidole na mfuko wa machungwa ya Segera begani. Binti yake, Munira, aliuawa pamoja na rafiki yake walipokwenda kupanda mlima kwa kujifurahisha. Mwaka wa saba huu, hajakamatwa mtu. Wapelelezi huhamishwa, yeye hahamishwi, kwa hiyo mpelelezi mgeni akihangaika kutafuta jalada la kesi, humwonyesha kwa kidevu: "Kabati la pili, baba, jalada lile lenye kamba ya katani." Kamba alileta mwenyewe jalada lilipochanika, akalifunga kwa fundo alilozoea shambani kwenye matita ya mkonge. "Tunalifanyia kazi, mama," huambiwa. Yeye hulipapasa fundo, akalikuta vilevile alivyoliacha mwezi uliopita, halijafunguliwa, akacheka kidogo. "Haya baba, nimeona." Kisha hutugawia machungwa, hata mimi mfagiaji, akaenda zake.

Jumatatu hii alipapasa, kicheko kikamkauka. Fundo lilikuwa la ovyo, kama la kamba za viatu. Akaketi kwenye benchi, na sijawahi kumwona ameketi.

"Nani huyu asiyejua kufunga?" aliniuliza polepole, machozi yakimlengalenga.

Nikamwonyesha mpelelezi mpya, aliyeinamia karatasi zake dirishani. Mfuko mzima ulibaki mezani kwake; siku hiyo sisi wengine hatukupata chungwa.